Kidole cha Kushibia

Kampuni nyingine huanza na mtaji, nyingine huanza na wazo zuri lililomjia mtu akiwa anaoga. Hii ilianza na hasira za mwanamke mnene.

Mwanamke mwenyewe alikuwa dada mkubwa wa mshona nguo tuliyemwita Fundi, na mtaa mzima ulimwita Redio. Msidhani alikuwa mbea. Mbea hunong'ona, kisha huapa kwamba hakusema. Redio alisema kwa sauti, mchana kweupe, na ukimuuliza nani kasema, anakujibu ni mimi. Alitangaza uchumba wa watu kabla ya posa, alitangaza mimba kabla mwenye mimba hajajijua, na tumbo lake mwenyewe likigoma kufanya kazi alilitangaza nalo, kwa kuwa hakubagua habari. Siku hiyo aliingia kwenye chumba cha ushonaji cha mdogo wake akiwa na tangazo jipya: mkono wake umeishinda zahanati.

"Wamenifunga ule mkanda wao wa presha," akasema, akajitupa kwenye kiti cha wateja mpaka kiti kikalalamika. "Muuguzi akajaza upepo, ukafunguka, paa! Akafunga tena, akajaza, paa! Watu kwenye benchi wanajifanya wanakohoa. Mwisho akaniambia, dada, hebu ushikilie kwa mkono wa pili. Nimekwenda kupimwa au kupigana mieleka?"

"Na majibu je?" Fundi akauliza, pini zikiwa mdomoni.

"Wanasema iko juu. Wamenipa vidonge vya kumeza mpaka siku nitakayokufa. Lakini itakosaje kuwa juu na mimi nimeaibishwa vile?"

Fundi akazitema pini kiganjani. Mama yao aliondoka kwa presha. Asubuhi alikuwa akigombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo, na alikuwa akielekea kushinda. Mchana mdomo ukaenda upande, neno likagoma kutoka, na wiki haikwisha wakamzika. Redio alirithi kila kitu cha mama: mdomo, mikono, kicheko, hata ule mshipa wa shingoni unaosimama akikasirika. Fundi alirithi uchache wa nyama na uchache wa maneno, akawa anaishi akiuchunga mshipa ule. Hakujaliwa mtoto, na ndugu mwingine hakuwa naye. Alikuwa na mume, ni kweli, lakini mume unaweza kupata mwingine.

"Vidonge utameza," akasema. "Na mkanda nitakushonea mimi."

Kesho yake akaenda zahanati kuazima mkanda uliokufa, akaufumua mezani, akachukia. Uzi ulikuwa dhaifu, mishono imekimbizwa kama ya mtu anayewahi basi, na ule utepe wa kunata ulikuwa umeota manyoya. Ugonjwa Fundi aliuogopa kama watu wengine, ila mshono mbaya aliuona ni tusi. Akatoa mabaki ya kitambaa kigumu cha bluu cha makoti ya kazi, akachukua futi, akauzungushia mkono wa dada yake.

Hapa lazima nimtaje mwalimu wake wa ushonaji, Mungu amrehemu, mwanamke mkali aliyekuwa akiwachapa wanafunzi kwa futi ileile aliyopimia. Huyo aliwafundisha jambo moja kabla hata hawajagusa sindano. "Mteja mnampima akiwa na njaa," alisema, "lakini gauni atalivaa siku ya sherehe, ameshiba. Mwachie kidole kimoja cha kushibia." Fundi alikuwa ameacha kidole hicho kwenye kila nguo aliyoikata tangu ujana wake. Wateja hawakujua ni nini. Walijua tu kwamba nguo za kwake zinapumua. Mkono wake ulikwishazoea kukiongeza bila kumuuliza. Basi kwenye mkanda wa Redio nao ukakiongeza, upana na urefu, na Fundi hata hakuona.

Kilichobaki kilikuwa mfuko wa mpira unaojaa upepo ndani ya kitambaa. Kwa hilo akavuka ukuta kwenda kwa jirani, Fundi Pancha, mzee wa kuziba matairi ambaye kucha zake hazikuwahi kuwa na rangi nyingine zaidi ya nyeusi.

"Uwe wa ukubwa gani?" Fundi Pancha akauliza.

"Ujaze kitambaa chote. Sitaki mpira unaotembeatembea ndani."

"Upepo niachie mimi," akasema mzee, na akakijaza kitambaa chote.

Walipoupeleka zahanati, muuguzi akaufunga kwenye mkono wa Redio, akabana pampu. Haukufunguka. Akabana tena, kitambaa kikatulia, mshale ukapanda kwenye saa ya kipimo, ukashuka polepole. Muuguzi akakunja uso, kisha akatabasamu.

"Imeshuka, dada. Imeshuka vizuri tu."

Redio akainuka, akawageukia watu wa kwenye benchi, walewale wa kukohoa. "Mmesikia? Haikuwa presha! Ulikuwa ni mkanda!"

Hilo ndilo lilikuwa tangazo la kwanza la kampuni, na halikulipiwa.

Muuguzi akaomba mwingine wa watu wa kawaida, na mwingine wa wembamba. Zahanati ya jirani ikasikia, ikaja. Fundi akaajiri mafundi wanawake kutoka mitaa ya nyuma, akawafundisha kukata, na kidole cha kushibia akawafundisha pia, maana ndiyo ilikuwa sahihi yake. Ndipo mumewe alipojitokeza kuongoza.

Mume huyu aliitwa Refa. Alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu aliyestaafishwa na magoti, lakini roho haikustaafu. Bado alitembea na filimbi shingoni na kadi mfuko wa shati, na kuku wa jirani walikuwa wamekwishaonyeshwa nyekundu. Alisema biashara bila vyeo ni genge la wahuni, akaitisha kikao kwenye meza ya kupigia pasi na kuvigawa. Fundi akawa Mkurugenzi. Yeye Refa akawa Mwenyekiti, Meneja wa Masoko na Msemaji, kwa sababu hakutaka kumbebesha mtu mzigo. Fundi Pancha akateuliwa Mkuu wa Idara ya Upepo, akafurahi mpaka akanawa mikono. Redio hakupewa cheo; akajipa mwenyewe.

"Mimi ni Mkono," akasema. "Bila huu mkono nyote hapa mngekuwa mnapunguza suruali za watu."

Refa akamwonyesha kadi ya njano kwa kuongea bila ruhusa. Redio akamwambia shemeji, irudishe kadi yako mfukoni kabla sijakuonyesha pa kuiweka. Kikao kikafungwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Refa hakuwasikia, akajitembeza. Aliingia kila zahanati iliyokuwa na mlango, akafunga mikanda kwenye mikono ya waganga, wafagizi na wagonjwa waliokuja kung'olewa meno. Na kila alikofunga, presha zilishuka. Kampuni ikatoka chumbani, ikahamia jengo kubwa lililokuwa baa. Bia yenyewe ilihama, harufu ikabaki, na mafundi wakawa wanakatia vitambaa kwenye kaunta ileile ambayo waume zao waliwahi kulalia. Juu ya mlango ukapandishwa ubao wenye mkono uliochorwa ukafanana na mguu, na maneno aliyoyatunga Refa mwenyewe: MKONO SALAMA – HATUBANI MTU.

Mtaa nao ukaanza kupona. Mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mkewe alikuwa amempiga marufuku chumvi mpaka akawa anakula chakula cha mgonjwa nyumbani kwake mwenyewe, alipimwa, akaomba apimwe tena, kisha akaenda moja kwa moja dukani na kurudi na pakiti ya chumvi mkononi bila mfuko, watu waone. Baadaye akanunua mkanda na saa yake, akawa anajipima sebuleni kila alipomaliza kula. Wengine walitoka mbali kuja kupimwa kwa mkanda wa Fundi. Zahanati moja iliyong'ang'ania mikanda yake ya zamani ilianza kukimbiwa na wagonjwa. Kule, watu walisema, wanapima kwa roho mbaya.

Redio ndiye aliyepona kuliko wote. Siku ya kupandisha ubao alisimama mbele ya wageni akaeleza jinsi alivyoviaga vidonge vyake chooni, kwa hotuba fupi, akavuta maji. Watu walicheka mpaka machozi. Fundi hakucheka. Alimvuta pembeni.

"Dada, muuguzi ndiye aliyekwambia uache?"

"Alinipunguzia. Mimi nikamalizia. Wewe si ndiye uliyenishonea huu mkanda? Nipime."

Fundi akampima palepale, kama muuguzi alivyomfundisha, kwa mkanda wa bluu alioukata kwa mikono yake. Mshale ukasimama mahali pazuri. Akautazama mshipa wa shingoni, akautazama mshale, akaamua kuuamini mshale. Moyo wake ulifurahi kwa namna ambayo hakuwahi kumweleza mtu: kwa mama yake alichelewa, kwa dada yake amewahi. Jioni hiyo alicheza muziki, na walioona wanasema hajui kucheza.

Habari nzuri zaidi ikafuata. Ofisi inayosimamia hospitali ilitaka mikanda ya Fundi kwa hospitali zote za serikali. Maofisa wa viwango wangekuja kwanza kukagua kiwanda. Wakiridhika, kazi ianze. Refa alinunua suti. Mafundi walipaka kaunta rangi. Fundi Pancha alikata kucha.

Katika wiki hiyohiyo ya kujiandaa, zahanati ya mtaa ikaletewa mashine mpya ya presha, ya umeme, inayojijaza upepo yenyewe na kuonyesha majibu kwa taa. Ilikuja na mikanda yake ya kiwandani ya saizi mbalimbali, myembamba, ya kijivu, isiyo na mapenzi. Na kila aliyefungwa mkanda wa mashine hiyo, presha yake ilikuwa juu. Benchi zima likachafuka. Mtu mmoja alisema mashine ina husuda. Mwingine alitaka ichomolewe kwenye umeme kabla haijaua mtu kwa maneno. Muuguzi akampigia simu Fundi aje amsaidie kuona mashine mpya imeharibika wapi.

"Ni hujuma," Refa akasema alipoagwa. "Wapinzani wametuona tunapanda. Waambie ni kuotea!"

Fundi alikwenda akiwa na mkanda wake begani. Muuguzi alimwonyesha mashine, akamweleza vurugu za asubuhi. Fundi hakujua lolote la umeme, hivyo akafanya analolijua. Akaitandaza mikanda miwili ya saizi moja mezani, wa kijivu juu ya wa bluu, kama anavyotandaza kipande cha gauni juu ya kiolezo, akailinganisha pindo kwa pindo. Wa bluu ulijitokeza. Akaweka kidole pale ulipojitokeza, na kidole kikaenea sawasawa. Akageuza upande wa urefu. Kikaenea tena.

Akakirudisha kidole upande wa kwanza, akapima tena.

"Nini?" muuguzi akauliza.

"Mkanda ukiwa mpana kuliko mkono, inakuwaje?"

"Unaizuia damu kwa nguvu kidogo," muuguzi akasema, akiwa bado anachezea waya wa mashine, "kwa hiyo inasoma chi..." Akaacha waya. Akautazama mkanda wa bluu, kisha akamtazama Fundi. Alikuwa mwanamke wa akili, na alikaa kwenye benchi la wagonjwa bila kuangalia anakaa wapi. "Nilifundishwa hili," akasema. "Nilifanyia mtihani nikafaulu. Lakini watu walikuwa wanatoka hapa wanacheka, Fundi. Unajua ni lini mara ya mwisho watu walitoka hapa wanacheka?"

Wakajipima wote wawili kwa mikanda yote miwili. Hawakuhitaji kurudia. Muuguzi akaitia mashine mpya kwenye begi, na hakuuliza wanakwenda kwa nani.

Nyumba ya Redio ilijulikana kwa kelele kabla hujaiona. Siku hiyo ilikuwa kimya. Pazia limeshushwa mchana, mlango umeegeshwa, na ndani Redio alikuwa amelala chali kwenye kochi na kitambaa kibichi usoni. Aliposikia hatua alikinyakua, akakificha chini ya mto, akainuka nusu.

"Karibuni! Nilikuwa natafuta hereni."

"Kwenye kochi, umelala?" Fundi akasema. "Lete mkono."

"Si ulinipima juzi tu, mdogo wangu? Nyie hamna kazi?"

"Lete mkono, dada."

Mashine ikavuma, mkanda wa kijivu ukajaa, ukaubana mkono ule mkubwa mpaka Redio akauma meno. Muuguzi alikuwa ametumia mkanda mpana zaidi kati ya iliyokuja na mashine, unaolingana na mkono ule, kwa hiyo hapakuwa na pa kusingizia. Taa zikatulia. Muuguzi alisoma, na sauti yake ikabadilika. Akasema wanaondoka sasa hivi, hospitali, na Redio asibebe hata mkoba.

Fundi alivitazama viatu vya dada yake, vilivyokuwa chini ya kochi. Aliinama kumvalisha, kiatu kikakataa kuingia.

"Kichwa kinakuuma tangu lini?"

Redio akakichomoa kile kitambaa kibichi chini ya mto. "Tangu mlipopandisha ubao," akasema. "Kabla kidogo. Na macho. Saa nyingine naona taa mbili mahali penye taa moja."

"Na hukusema! Wewe! Wewe unayetangaza mpaka choo chako! Wewe unayewaambia watu mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Ningemwambia nani?" Redio alisema, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakujua kama anayo. "Nikisema kichwa kinauma, mtu wa kwanza ataniuliza, si unapimwa kwa mkanda wa mdogo wako? Wa pili atauliza hivyohivyo. Wewe unaongea mara ngapi kwa mwaka, mdogo wangu? Umepata kitu, watu wanakusalimia kwa cheo. Nikaona, kichwa ni changu, acha kiume."

Fundi alimpiga kibao cha bega, akamkumbatia bega lilelile, akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama wanavyolia watu wasio na mazoezi. Redio akampapasa kichwa na kumwambia atalowesha mto, kisha muuguzi akawafokea wote wawili na kuwatoa nje.

Redio alilazwa. Madaktari walisema amefika akiwa bado anaongea, na kwamba hilo walikuwa wamekwisha kuliona wenyewe.

Fundi alitoka wodini akaenda moja kwa moja kwenye ile iliyokuwa baa, akaitisha kikao. Akaeleza kila kitu bila kukalia kiti. Mafundi wakashika vinywa. Fundi Pancha akaketi juu ya mzigo wa vitambaa, akawa anaitazama mikono yake. Refa, aliyekuwa akijaribu suti, alikuwa wa kwanza kusema.

"Sawa. Ni kosa, hakuna anayebisha. Lakini maofisa wanakuja wiki ijayo. Tuwapokee, tupite, halafu tutabadilisha kimyakimya, zahanati moja moja. Mechi haisimamishwi dakika za mwisho kwa sababu mtu kakanyagwa."

"Kakanyagwa dada yangu," Fundi akasema.

"Shemeji anaendelea vizuri!"

"Na wengine? Kuna watu huko nje wana mkanda wangu mkononi sasa hivi, wanaambiwa wako salama, wanarudi nyumbani kwenye chumvi." Akamkaribia mumewe, akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati lake, akatoa kadi nyekundu, akaiinua juu usoni pake. Fundi alikuwa hajawahi kumjibu Refa mbele ya watu. Refa aliitazama kadi yake mwenyewe, akaivua filimbi shingoni, akaiweka kaunta. Kesho yake asubuhi alikuwa barabarani. Zahanati zote alizoziuzia kwa maneno matamu, sasa alizirudia moja moja akiwa ameinamisha kichwa, akidai mikanda irudi. Kibaya kilikuwa kinajitembeza tena, safari hii kinarudi nyumbani.

Zahanati hazikusumbua sana. Watu wa majumbani ndio waliosumbua. Hakuna mtu anayependa kunyang'anywa habari njema. Wengine walisema mkanda umepotea. Mwalimu mkuu mstaafu aliusimamia mlango wake kama askari.

"Huu ni wangu, nimeununua," alimwambia Refa, "na unanipa majibu ninayoyataka."

Basi Redio aliporuhusiwa kutoka hospitali, hakwenda kulala. Muuguzi alimkataza kupiga kelele, naye akatii kwa namna yake: alitangaza kwa sauti ya chini, ambayo kwa binadamu wengine ni kupiga kelele. Alianza na nyumba ya mwalimu mkuu. Alipandisha mkono wa gauni, akamwonyesha alama za sindano.

"Mwalimu, mkanda wa kwanza kabisa ulipimiwa mkono huu. Ukanisifia mpaka nikawa naona taa mbili mahali penye taa moja. Wewe unaona ngapi?"

Mzee akainua macho kwenye taa ya baraza yake. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaingia ndani, akarudi na mkanda, na nyuma yake mkewe alikuwa amekwishaichukua pakiti ya chumvi.

Baada ya nyumba hiyo mikanda ilirudi yenyewe. Redio alipita mtaa kwa mtaa akisema karibu afe kwa upendo wa mdogo wake, na kwamba kosa ni la mapenzi kupita kiasi, na kwamba kila aliyepimwa kwa bluu akapimwe upya leo, si kesho. Watu waliogopa, wakaenda. Wengine walikutwa wako pabaya, wakaanzishiwa vidonge. Kuna waliomtukana Fundi njiani, naye alisimama akawasikiliza mpaka wakamaliza.

Maofisa wa viwango walipofika walikuta kaunta imepakwa rangi, na sakafuni mlima wa mikanda ya bluu. Refa alikuwa amevaa suti, kwa sababu alisema hata anayefungwa mabao huvaa jezi safi. Fundi hakusubiri waulize. Alichukua mmoja, akaweka kidole chake pembeni, akawaambia kosa liko hapa, ni langu, nililifundisha na wengine. Maofisa waliangaliana. Walizoea kutafuta makosa; kukabidhiwa mlangoni kuliwavurugia siku. Waliondoka kwa heshima, na kazi ya hospitali za serikali ikaenda kwa mtu mwingine.

Baadhi ya mafundi waliondoka. Baa nayo ilirudi kuwa baa, na harufu haikuhangaika kuhama tena. Kampuni ikarudi chumbani kwa Fundi, na ubao ukaegeshwa uani, ambako kuku waliutumia. Muuguzi alikuja na vipimo vya vitabuni, akakaa na Fundi mezani mpaka wakakubaliana kila upana na kila urefu, na kila mkanda uliokamilika ulipelekwa kwanza kushindana na ile mashine ya taa. Fundi Pancha alikataa kuondoka. Alisema idara yake haina kosa, upepo uliagizwa na upepo ukatolewa. Zahanati ya kwanza kurudi kununua ilikuwa ile ya roho mbaya.

Kukata bila kidole kulimpa Fundi taabu. Mkono uling'ang'ania. Ilimbidi achore mstari wa chaki, akate juu yake kabisa, na mara nyingine aushike mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama anayemzuia mlevi asivuke barabara.

Mkanda mpya wa kwanza uliolingana na mashine alimfunga dada yake. Redio alikaa kwenye kile kiti cha wateja, glasi ya maji kando na kidonge kiganjani. Fundi akabana pampu. Kitambaa kikakaza.

"Unanibana," Redio akasema.

"Najua."

"Unanibana sana, mdogo wangu."

"Ndiyo. Nyamaza, nasoma."

Redio akanyamaza. Mshale ukashuka polepole, Fundi akaufuata kwa macho mpaka mwisho, akasoma, akakaa kitako. Presha ilikuwa juu kidogo. Ilikuwa kweli. Redio akatupa kidonge mdomoni, akakisindikiza kwa maji, akakunja uso.

"Sasa niambie," akasema, akiutikisa mkono uliofunguliwa. "Na magauni yangu nayo utaanza kuyabana?"

Fundi akachukua futi, akamzungushia dada yake kiunoni, akaweka kidole chake ndani ya futi, kati ya utepe na mwili.

"Gauni nitakuachia," akasema.

"Viwili," akasema Redio.

Fundi akaweka viwili.